Ndimu ya Kiitalia na jerikani ya mama



Wengi mmetuuliza ile habari ya chupa za njano imeishia wapi. Haijaisha. Kikao cha Jumamosi iliyopita kilivunjika kwa kelele, wengine wakabeba viti vyao wakaenda, na soda zilibaki bila kunywewa, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika kikundi hiki. Sisi tuliosema hapana tumeona afadhali tuandike, maana kwa mdomo tulishindwa. Wale wa ndiyo wana sauti kubwa kutuliko. Nao wakitaka kujibu, nafasi iko, waandike.

Jambo lenyewe ni hili. Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya usafi miezi kadhaa kwenye hoteli moja huko Kampala. Aliona wageni wakimaliza kula wanaletewa glasi ndogo, ndogo kama ya kupimia dawa ya kikohozi, ndani kitu cha njano, baridi sana. Wanakunywa polepole, wanalipa pesa ambayo hapa unalishia nyumba siku mbili. Akauliza. Akaambiwa hiyo ni limoncello, pombe tamu ya ndimu ya Waitalia, na kwamba kule kwao hata bibi wa kawaida anaitengeneza jikoni mwake. Akatafuta video kwenye simu. Akarudi na mpango: ndimu Ediofe zinaoza chini ya miti, sukari iko dukani, waragi iko, chupa tunakusanya tunaosha, akiba ya kikundi ni 480,000. Tuanze.

Haki, mpango ulikuwa mtamu. Hata sisi siku ya kwanza tulipiga makofi.

Tuueleze kwanza, maana kuna waliokasirika bila kujua tunagombania nini. Limoncello inatoka kusini mwa Italia, sehemu za Sorrento, Amalfi na kisiwa cha Capri, ambako ndimu zinakuwa kubwa na ganda lao ni nene, limejaa mafuta. Kilichotushangaza ni kwamba maji ya ndimu yenyewe hawayatumii kabisa. Wanataka ganda tu. Na ganda lenyewe si lote: unamenya kwa kisu kikali ile ngozi ya njano ya juu, ile nyeupe ya chini unaiacha kwa sababu inaleta uchungu. Maganda ya ndimu kama kumi hivi unayatia kwenye chupa kubwa pamoja na lita moja ya spiriti, unafunga, unaweka gizani. Wengine wanaacha wiki moja, wengine mwezi mzima. Spiriti inavuta mafuta na rangi, mpaka maganda yanabaki meupe na makavu kama karatasi. Halafu unachuja kwa kitambaa, unapika maji na sukari, unaacha yapoe, unachanganya. Hapo inakuwa na ukungu ghafla, kama maji yaliyodondoshewa maziwa. Siyo kwamba imeharibika. Mafuta ya ganda yanayeyuka katika spiriti kali lakini maji hayayapendi, kwa hiyo yakikutana na maji yanajitenga vipande vidogo sana ambavyo jicho linaona kama ukungu. Unaacha tena itulie, unaweka kwenye friza. Kwa kuwa ina kilevi karibu asilimia 30, haigandi.

Friza. Hapo wenye mpango walikohoa kidogo, wakasema tutaona.

Lakini hatukupinga kwa sababu ya friza. Tulipinga kwa sababu ya lile neno moja ambalo video inalipita haraka: spiriti. Yule bibi wa Italia haipiki mwenyewe. Anaenda dukani, ananunua chupa yenye karatasi, imeandikwa asilimia 95 au 96, imetengenezwa kiwandani kwa ajili ya jikoni, mtu fulani ameipima na mtu fulani ataulizwa ikiua. Kazi yake bibi ni ganda na sukari tu. Ile sehemu ngumu na ya hatari imeshafanywa na wengine.

Tulimpelekea habari hii mzee mmoja jirani, ambaye ujana wake alipikia mapadri Waitalia. Mnajua Ediofe na Waitalia si wageni kwa wageni. Wakomboni wako hapa tangu zamani za mababu, askofu wa kwanza wa jimbo la Arua, Angelo Tarantino, alikuwa Mwitalia, na hata Radio Pacis tunayosikiliza ilianzishwa na Padri Tonino Pasolini. Basi mzee alicheka sana. Akasema, "Nyinyi watoto, hiyo kitu naijua. Maganda nilimenya mimi, kwa kisu hiki cha mkono huu. Lakini ile spiriti ilitoka kwao kwenye sanduku. Ya hapa walinikataza hata kuiweka karibu." Tukamwuliza, kwani ya hapa ni mbaya? Akasema, "Sikusema mbaya. Nimesema hawakujua nani kaipika."

Hilo ndilo jambo, na mzee alilisema kwa maneno machache kuliko sisi.

Sasa tuongee juu ya ya hapa. Waragi, araki, lotoko, kaikpo, kila mmoja aiite kwa jina la kwao. Sisi tuliotoka Ituri na Haut-Uélé tuliikuta nyumbani kabla ya kujua kusoma. Wenzetu wa Sudani Kusini vilevile. Na Waganda wana historia yao: watu husema jina waragi ni maneno ya wanajeshi wa Kiingereza, ingawa ukimwuliza yeyote anayeongea Kiarabu cha Juba atakuambia hilo ni araki tu limebadilisha nguo. Serikali ya Uganda miaka ya 1960 iliweka sheria ya Enguli, kwamba mtu asipike bila leseni, na waliopika vijijini wauzie kiwanda kikasafishe upya. Ndipo ile chupa ya Uganda Waragi ikazaliwa, 1965. Sheria ikabaki kwenye karatasi, moto ukabaki nyuma ya nyumba.

Mnajua inavyopikwa. Unga wa muhogo unakaangwa, unachanganywa na maji na kimea cha ulezi au mtama, unakaa kwenye pipa siku kadhaa unachemka wenyewe. Halafu pipa linawekwa juu ya moto, mdomo unazibwa kwa udongo au ugali ili mvuke usitoroke, bomba linapita ndani ya maji baridi, na upande wa pili kitu kinadondoka kwenye jerikani, tone kwa tone, tangu asubuhi mpaka jioni. Anayekaa pale ni mama. Macho mekundu ya moshi, mtoto mgongoni. Mgao wa chakula ulipunguzwa 2020, ukapunguzwa tena 2021, halafu 2023 tukagawanywa kwa makundi, wengine wakawa wanapata kidogo sana na wengine hawapati kitu. Mnafikiri pengo lile lilizibwa na nini? Kwenye bloku yetu lilizibwa na jerikani. Madaftari yalinunuliwa na jerikani. Kati ya sisi tunaoandika hapa, yuko aliyemaliza S4 kwa jerikani ya mama yake, na haoni aibu kusema.

Aibu anayo, lakini ya kitu kingine, na ndicho kilichotufanya tusimame kwenye kikao.

Mwaka jana tulivaa fulana. Mnaikumbuka ile kampeni ya kupinga ulevi. Sisi vijana wa kujitolea tulipewa fulana na kofia, tukatembea bloku kwa bloku na viongozi, tukaongea juu ya vijana kuharibika, na hayo yalikuwa maneno ya kweli. Lakini siku ya tatu maneno yaliisha, wakaanza kumwaga. Tuliingia nyuma ya nyumba za watu. Mapipa yalipigwa mateke. Moja lilipasuliwa kwa shoka, pipa la mama mjane ambaye wengi wenu mmekula kwake. Hakupiga kelele. Alimtazama mmoja wetu usoni, akasema tu, "Na wewe pia, mwanangu?" Alimwita kwa jina la utoto. Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumevaa fulana.

Hatukushika shoka, ni kweli. Tulishika bango.

Sasa tuelezeni jambo moja. Mwaka jana kitu kile kilikuwa sumu, kilikuwa laana ya bloku, mama akavunjiwa. Mwaka huu tukitie maganda ya ndimu na sukari, tukimimine kwenye chupa nzuri, tuandike jina la Kiitalia, kimekuwa mradi wa vijana? Na waragi ya kutengenezea tulipanga kununua wapi? Si kwa akina mama walewale, kwa bei ya chini, kwa mlango wa nyuma? Mwenzetu mmoja alisema kwenye kikao kwamba "sisi tutaiongezea thamani." Thamani gani? Mama akae na moshi na woga wa kukamatwa, sisi tukae na karatasi ya chupa. Hapo ndipo kelele zilianza.

Wako waliosema tunaleta siasa kwenye biashara. Sawa. Tuache aibu, tuende kwenye kufa.

Agosti 2022. Hatuhitaji kuwakumbusha watu wa Arua, lakini wadogo zetu waliokuja baadaye hawajui. Kulikuwa na jin ya chupa, yenye ladha ya nanasi, ikiuzwa madukani kwa bei ya mtu maskini. Watu wakanywa Arua mjini, wakanywa Madi-Okollo. Baadaye wakaanza kulalamika tumbo, kutapika, macho kuona giza. Walikufa zaidi ya kumi ndani ya siku chache. Vipimo vilionyesha methanoli nyingi. Na kabla ya hapo, 2010, kule Kabale, waragi iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 80. Chupa ile ya hapa Arua ilikuwa na karatasi, ilikuwa na rangi, ilikuwa na ladha ya tunda. Ilikuwa dada yake hii tunayotaka kutengeneza.

Methanoli ni nini? Ni spiriti ya viwandani, ya rangi na ya kusafishia, inafanana na ile ya kunywa kama mapacha. Haina rangi, harufu yao ni karibu moja, kwenye ulimi hutofautishi, na inalevya pia. Tofauti inakuja baadaye. Mwili ukianza kuivunja unatengeneza asidi inayopiga mshipa wa macho. Mtu analala amelewa kama kawaida, anaamka kesho yake anaona ukungu, kana kwamba kuna vumbi jeupe mbele yake, anadhani ni uchovu wa pombe. Saa zinapita. Hospitali wana namna ya kuizuia wakipata mtu mapema, kwa hiyo ukiona mwenzako amekunywa jana na leo analalamika macho, usimpe maziwa, usimpe supu ya mbuzi, usimwache alale. Panda boda mpeleke. Ukifika waambie wazi amekunywa nini, hata kama mnaogopa polisi.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanayarudia mitaani, na wenzetu waliyarudia kwenye kikao, na yanaua.

La kwanza: "Tutaiwasha kiberiti, ikiwaka bluu ni safi." Hapana. Moto wa bluu unakuonyesha ni kali, basi. Methanoli nayo inawaka bluu hafifu, mchana wala huioni vizuri. Kutikisa chupa uone mapovu yanakaa muda gani, hivyohivyo: unapima ukali, hupimi sumu.

La pili: "Mama akimwaga yale ya kwanza, hakuna shida." Hili lina ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo hatari. Wapikaji wazuri wanamwaga kikombe cha kwanza kinachodondoka, kile chenye harufu kali ya kuchoma pua, na wanafanya vizuri, maana mle mna vitu vibaya vinavyotangulia kutoka. Lakini muhogo na ulezi, vikipikwa kwa uaminifu, methanoli yake ni kidogo sana. Yale mauaji makubwa hayatoki kwenye pipa la mama. Yanatoka kwa mtu wa katikati. Yule anayenunua jerikani kumi, anaona faida ni ndogo, anaongeza spiriti ya viwandani ili ziwe kumi na tano. Mama amemwaga kikombe chake cha kwanza vizuri kabisa, na bado mtu anapofuka, kwa sababu sumu iliingia njiani kati ya moto wake na duka. Na methanoli ikishachanganywa hivyo hakuna mwenye mtungi wa kawaida atakayeitoa kwa kupika upya. Inachemka kama digrii 65 na ile nyingine 78, kwenye kitabu yanaonekana mbali, kwenye pipa yanatoka yameshikana mikono.

Mnaelewa sasa tunaogopa nini? Katika mpango huu, mtu wa katikati ni nani? Ni sisi. Hatuna kipimo. Tutanunua kwa mama mmoja leo kwa kuwa tunamjua, mahitaji yakikua tutanunua kwa dereva wa boda anayeleta kutoka tusikojua. Na ndimu ni kali. Ndimu na sukari vinafunika kila kitu, ndiyo kazi yake. Nanasi lilifunika.

Halafu kuna hesabu, ambayo inachekesha kidogo. Spiriti ya bibi wa Italia ni asilimia 95. Lita moja yake, ukiongeza lita moja na nusu ya maji ya sukari, bado una kinywaji kikali. Waragi ya hapa tuseme ni asilimia 40 siku njema. Ongeza maji ya sukari yaleyale, unapata kama 16. Hiyo si limoncello, ni juisi iliyolewa. Na haivuti mafuta ya ganda sawasawa, kwa hiyo ladha itakuwa ya sukari na muhogo. Wenye mpango walijibu, tupike mara mbili iwe kali. Yaani tuanze na sisi kuwa na pipa nyuma ya nyumba, bila leseni, sisi wakimbizi, kikundi kilichoandikishwa na kina muhuri. Mkikamatwa, nani atakuja kuwatoa? Tena pombe kali hairuhusiwi kuuzwa bila alama ya UNBS, na tangu vile vifuko vya plastiki vipigwe marufuku 2019 hata kuuza kidogokidogo kwa mia tano hakuna, chini ya mililita 200 huruhusiwi. Kwa bei ya chupa nzima, mteja wetu ni nani? Si yule mgeni wa hoteli, yeye anataka ya Italia. Mteja ni yule kijana wa pale senta ambaye saa nne asubuhi ameshakaa.

Mnamjua. Wengine wenu mmembeba. Mmoja wa wale tulioanza nao kikundi hiki, mwenye kichwa cha hesabu kutushinda sote, tulimtoa mtaroni mwezi wa pili na viatu havipo. Yeye ndiye aliyetuambia, akiwa mzima, kitu tusichosahau: "Ile ya kuchoma, mtu unajua umekunywa. Ile tamu inakuingia kama rafiki." Kikundi kilichoanza kwa ajili ya watu kama yeye kije kumuuzia tamu?

Tumesikia jibu, kwamba mtu mzima anajichagulia. Ni kweli. Hatuko hapa kuhubiri, na wengi wetu kwete tunakunywa, msituone malaika. Mtu akitaka kutengeneza chupa moja ya ndimu kwa harusi ya dada yake, atengeneze. Anunue kitu kikali kilichofungwa kiwandani, chenye alama, kutoka duka analolijua na litakalokuwepo kesho, amenye ndimu zake vizuri, aweke gizani, na ajue tu itakuwa nyepesi kuliko ya Waitalia, kwa hiyo apunguze maji ya sukari. Hiyo ni jikoni kwake. Sisi tunaongelea akiba ya watu 26 na jina la kikundi.

Lakini ndimu bado zinaoza, hilo tunakubali, na inauma. Ukipita nyuma ya seminari mpaka mtoni msimu wake, ni njano chini kama mtu amemwaga. Jumatano tulijaribu kitu. Tuliokota ndimu, tukaziosha kwa maji moto, tukamenya ngozi ya juu kama bibi wa Italia, tukasugua yale maganda na kilo moja ya sukari kwa mikono, tukafunika usiku mzima. Asubuhi sukari ilikuwa imelowa yenyewe, imekuwa ya njano, na nyumba nzima inanukia mpaka jirani akaja kuuliza. Inavyoonekana sukari nayo inavuta mafuta ya ganda, siyo spiriti peke yake. Tukaongeza maji ya zile ndimu, yale ambayo Waitalia hawayatumii, tukapasha kidogo mpaka sukari ikayeyuka, tukachuja, tukatia kwenye chupa zilizochemshwa. Kijiko kikubwa kimoja kwenye glasi ya maji, unapata kinywaji. Tuliwapa watoto wa shule na wale wamama wa sokoni. Glasi ya mia tano iliisha kabla ya saa saba. Chai ya rangi ukiitia hiyo, msituulize.

Hatusemi itatutajirisha. Sukari imepanda, chupa moja ilipasuka kwa sababu mtu alimimina ya moto kwenye chupa baridi (anajijua), na tusipokuwa na friji haitakaa muda mrefu baada ya kufunguliwa. Faida kwa glasi ni ndogo kuliko ile mwenzetu wa hoteli aliyotupigia kwenye karatasi. Tumeleta hesabu yetu yote, mtaiona kikaoni, pamoja na makosa yake. Na yeye mwenyewe tunamtaka kwenye kazi hii, kwa kuwa ndiye aliyeona thamani ya ganda wakati sisi sote tulikuwa tunapiga mateke ndimu njiani kama mipira. Asikasirike akaenda. Kumenya anamenya kutushinda.

Kuna la mwisho ambalo tutaliweka mezani Jumamosi, na tunajua litaleta kelele kuliko ndimu.

Kabla ya kununua hata kilo moja ya sukari, tunataka itoke 85,000 kwenye akiba, inunue pipa la bati. Tumeuliza bei Arua sokoni, la mtumba lililokuwa la mafuta ya kula, siyo lililobeba dawa au kemikali, ni hiyo. Lipelekwe Lobule kwa yule mama mjane. Wengine mtasema tunamnunulia mtambo wa waragi. Tunamrudishia pipa. Akiweka maji, akiweka mahindi, akipika kwete, ni shauri lake, sheria anaijua kuliko sisi kwa kuwa ilimpiga yeye. Tukifika tutamwomba msamaha kwanza, bila fulana, na kama atatusikiliza tutamweleza habari ya methanoli na ya mtu wa katikati, ili asimuuzie yeyote asiyemjua. Kama hatatusikiliza tutaliacha pipa mlangoni.

Kikao ni saa tisa, palepale chini ya mwembe. Mwenye kisu kikali aje nacho. Gari la kwenda Koboko linaondoka Jumapili baada ya misa ya kwanza, nauli kila mtu ajilipie, pipa litafungwa juu.